Urefu Si Aibu: Namna ya Kumvika Kijana Mrefu Mwembamba

(Mada iliyotolewa katika kikao cha vijana na wazazi, mwishoni mwa mwezi wa Shaaban)



Sifa zote njema ni za Allah (S.W.) aliyetuumba kwa maumbo mbali mbali, na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na maswahaba zake.

Mashekhe zetu, wazazi wetu watukufu, ndugu zangu wa kiume na wa kike. Nilipoambiwa nichague mada, wenzangu walitarajia nizungumzie madawa ya kulevya, au mitihani, au ndoa. Mada hizo zina wenyewe na twazisikia kila mwaka. Mimi nimechagua nguo. Tena si nguo za watu wote. Nimechagua nguo za yule kijana mrefu mwembamba, ambaye kila suruali kwake ni fupi na kila shati kwake ni pana. Naona wengine mwacheka. Chekeni tu, lakini mkimaliza tusikilizane, manake jambo hili nimeliona kwa macho yangu likimtoa kijana msikitini.

Mimi mwenyewe mwaniona. Maikrofoni hii imebidi iinuliwe hadi mwisho wake. Kwa hivyo ninayoyasema sikuyasoma vitabuni peke yake.

KWA NINI NGUO HAZIMTOSHI

Wazazi wengi husema, "Huyu suruali nimemnunulia juzi tu, ameifanya nini?" Hakuifanya kitu. Amekua.

Mtoto wa kiume akishabaleghe, kwa kawaida kati ya miaka 12 na 16, huja kipindi ambacho hurefuka kwa kasi. Katika mwaka ule wa kasi zaidi, vijana wengi huongezeka sentimita 8 hadi 10. Mtoto wa kike humtangulia kwa kama miaka miwili hivi. Sasa hebu tupige hesabu. Sentimita 9 kwa mwaka ni karibu inchi tatu na nusu. Kutoka Idd hadi Idd ni siku 354 au 355. Kanzu iliyomfika kifunduni Idd hii, Idd ijayo itakuwa muundini. Hapo hakuna uchawi na hakuna uharibifu, ni hesabu tu.

Halafu kuna jambo la pili ambalo ndilo hasa linalotutatiza. Mwili haukui wote kwa pamoja. Nyayo na viganja hutangulia, kisha miguu na mikono, kisha kiwiliwili, na upana wa mabega na misuli huja mwisho. Ndiyo mwaona kijana wa miaka 15 ana miguu ya mtu mzima na kiuno cha mtoto. Wenye viwanda vya nguo wao hawamjui kijana huyu. Wao hukata nguo wakidhani kwamba mtu akiongezeka urefu, basi na unene umeongezeka. Ukimtafutia urefu, unapata upana wa baba yake. Ukimtafutia upana, unapata urefu wa mdogo wake. Na nguo za watoto ndizo mbaya zaidi, manake huandikwa umri. Umri hauvai nguo, mwili ndio unaovaa.

Wembamba huu, kwa kijana anayekula vizuri, anayecheza na kulala vizuri, si ugonjwa. Mwili utajaza wakati wake ukifika. Lakini akiwa anapungua uzito, au ana kikohozi kisichoisha, au homa na jasho la usiku, au amechoka kila siku bila sababu, hapo si habari ya fundi cherehani tena. Mpeleke hospitali.

MAJINA YANAYOCHOMA

Ndugu zangu, tuje kwenye sehemu nzito. Twiga. Mlingoti. Njiti. Ngongoti. Mwanzi wa kuangulia maembe. Haya majina nani ameyaleta? Hayakuletwa na maadui wa dini. Ni sisi wenyewe, kwenye baraza zetu, kwenye viwanja vyetu vya mpira, na hata kwenye ukumbi wa madrasa mwalimu akiwa hajaingia.

Mtaani kwetu kulikuwa na kijana mmoja wa kidato cha pili. Sitamtaja. Sauti yake ya Qur'ani ilikuwa ukimsikia unasimama njiani. Ramadhan moja aliombwa asome rakaa mbili mbili za tarawehe nyuma ya imamu wetu, kumpumzisha. Akasoma siku ya kwanza na ya pili. Siku ya tatu hakuja. Siku ya nne hakuja. Watu wakaanza kusema: amejiona, vijana wa siku hizi wakisifiwa kidogo wameharibika. Mamake mzazi, ambaye jioni huuza viazi vya karai nje ya nyumba, akamweka chini akamuuliza. Kumbe siku ile ya pili aliporukuu, kanzu yake iliyokuwa ikimfika katikati ya muundi ilipanda nyuma hadi magotini, na wavulana wa safu ya nyuma wakacheka ndani ya Swala. Wakatoka nje wakimwita Mlingoti. Basi kijana akaamua ni heri aswali nyumbani.

Mwaona? Hakuna shetani aliyefunguliwa minyororo hapo. Ni kanzu fupi na midomo yetu.

Allah (S.W.) katika Suratul Hujurat, aya ya 11, ametukataza tusidharauliane, wanaume kwa wanaume na wanawake kwa wanawake, na tusiitane majina mabaya, kwani huenda yule anayechekwa akawa bora kuliko anayecheka. Na kisa cha Abdullah bin Mas'ud (R.A.) twakijua sote tuliokaa madrasa. Alipanda mti wa muaraki kuchuma mswaki, upepo ukampeperusha nguo, miundi yake ikaonekana ilivyo myembamba, maswahaba wakacheka. Mtume (S.A.W.) akawauliza wanacheka nini. Walipomwambia, aliwaeleza kwamba miundi ile siku ya Kiyama itakuwa mizito katika mizani kuliko jabali la Uhud. Imepokewa na Imam Ahmad. Hakumwambia Abdullah anenepe. Aliwarekebisha waliocheka.

Na warefu wetu ni wengi. Bilal (R.A.), mwadhini wa Mtume, amesifiwa katika vitabu vya sira kuwa alikuwa mrefu, mwembamba, aliyeinama kidogo. Nabii Musa (A.S.) Mtume alimwona usiku wa Miraj, akamsifu kuwa ni mtu mrefu. Na hapa kwetu Kenya, David Rudisha alipovunja rekodi ya dunia ya mita 800 kule London mwaka 2012, kwa dakika 1 na sekunde 40.91, alikimbia kwa miguu mirefu vile vile. Hakuna aliyemwita ngongoti siku ile!

NGUO NA SITARA

Sasa kuna mtu ataniambia, "Lakini kanzu fupi si ndiyo Sunna?" Ndiyo, kuburuta nguo chini ya kifundo kwa kiburi kumekatazwa katika Hadithi sahihi, na mrefu hapa ana nafuu. Wengine yawabidi wakate suruali, yeye ya kwake imejikata yenyewe. Lakini kuna tofauti kubwa baina ya mtu aliyechagua nguo yake iishie juu ya kifundo, ikamkaa vizuri, na mtu aliyeishiwa na nguo. Huyu wa pili nguo humpanda akirukuu, humpanda akisujudu, na akikaa Attahiyatu huanza kuivuta.

Na hapo pana fiq'hi. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo wengi wetu hapa pwani tunayafuata, uchi wa mwanamume katika Swala ni baina ya kitovu na magoti, na kuusitiri ni sharti. Sasa kijana mrefu avaaye shati fupi na suruali inayoteremka kwa sababu kiuno ni kidogo, akisujudu mgongo wa chini hubaki wazi. Walio safu ya nyuma wanaona. Yeye mwenyewe hajui, au anajua na moyo wote uko mgongoni badala ya kuwa kwenye Swala. Dawa yake ni nyepesi. Fulana ndefu ya ndani iliyochomekwa barabara ndani ya suruali, mshipi, na shati ambalo akiinua mikono yote juu bado linamfunika. Mfanyie jaribio hilo nyumbani kabla hajatoka: inua mikono, rukuu, sujudu. Ikipita mitihani mitatu hiyo, nguo hiyo ni yake.

Kisha mfundisheni asimame wima. Warefu wengi hujikunja mabega ili walingane na wenzao. Nguo haimkai mtu aliyejikunja, hata ikashonwa na fundi gani.

SOKONI NA DUKANI

Tuje kwa yanayohusu mfuko. Wengi wetu twanunua mitumba, Kongowea kwa wa Mombasa, Gikomba kwa wa Nairobi, na hakuna aibu. Na nitawaambia siri: kwa mtu mrefu, mtumba una heri kuliko duka la nguo mpya la bei rahisi. Nguo nyingi za mitumba zatoka Ulaya na Marekani, ambako viwanda hukata urefu wa aina nyingi kwa kiuno kimoja. Lakini lazima ujue kusoma lebo.

Suruali ya jinzi huwa na namba mbili. Ya kwanza ni kiuno, ya pili ni urefu wa mguu kwa ndani, kutoka msamba hadi chini, zote kwa inchi. Ukiona 30 na 34, kiuno ni inchi 30 na mguu ni inchi 34. Watu wengi husoma namba ya kwanza tu wakaenda zao. Kijana mrefu aanze na ya pili, manake kiuno hupunguzwa, lakini mguu haukui kwa fundi pasipo kitambaa.

Shati rasmi nalo mara nyingi huwa na namba mbili, ya shingo na ya mkono. Ukipata shingo 15 na mkono 35, umepata shati la mtu mwembamba mwenye mikono mirefu, lishike usiliachie. Na kwenye nguo za Marekani, herufi T ikifuata alama ya saizi, kama LT, maana yake ni nguo iliyokatwa kwa mtu mrefu.

Na hii ya mwisho hata wauzaji wengi hawaijui. Kwenye makoti na suruali rasmi kutoka Ujerumani utakuta namba kama 90, 94, 98 au 102. Muuzaji akiona 98 hudhani ni tumbo la mzee, akaitupa pembeni. Kumbe kule namba hizo ni za wanaume warefu wembamba. Namba 94 ni kifua kile kile cha 48, na 98 ni kile kile cha 50, isipokuwa imerefushwa na kubanwa kiuno. Tafuta kwenye rundo lililotupwa.

Uende na tepu mfukoni. Tepu haina haya na haidanganyi. Pima suruali yake inayomkaa vizuri zaidi nyumbani, andika namba, halafu sokoni pima nguo, usimpime mtoto mbele za watu. Fumua macho pia kwenye upindo. Pindua mguu wa suruali uone ndani kuna akiba ya kitambaa kiasi gani. Inchi mbili za ndani ni sawa na miezi kadhaa ya kukua. Na wahi mapema siku ya kufungua robota, manake kamera ikishachaguliwa hubaki ya kufagia.

KWA FUNDI

Lakini kanzu ya Idd, na suruali ya shule, kwa kijana wa aina hii, ni bora ishonwe. Najua mtasema fundi ni ghali. Tulinganishe. Ukinunua kanzu mbili za dukani zisizomkaa, akazivaa kwa shida akaziacha, umetumia zaidi kuliko kanzu moja iliyoshonwa kwa akili ikavaliwa miaka miwili.

Kanzu za dukani zinazotoka Arabuni huandikwa urefu kwa inchi: 54, 56, 58, 60 na kuendelea. Kila namba ikipanda, kifua na mabega navyo vyapanuka. Kwa hivyo kijana wa 60 mwembamba huzama ndani kama kaazima. Ukiwa umeshainunua, mwambie fundi asiguse mabega. Apunguze ubavuni, kwenye taharizi, kuanzia kwapani kuteremka. Nguo hurekebishwa ubavu. Mabega yakiwa mapana mno, iache dukani, usijidanganye kwamba fundi ataweza kila kitu.

Ikiwa waishona mpya, haya ndiyo ya kumwambia fundi.

Kwanza, ampime amesimama wima, bila viatu, mabega nyuma. Urefu upimwe kutoka begani karibu na shingo hadi kifunduni, na mkono upimwe kutoka begani hadi kwenye kifundo cha mkono huku kiwiko kimekunjwa kidogo. Mkono ukipimwa umenyooka utakuwa mfupi siku ya kuuvaa.

Pili, msinunue kitambaa kabla ya kumuuliza fundi yadi ngapi. Watu wamezoea kusema "nikatie yadi tatu." Badani mbili za kanzu ya inchi 60, ya mbele na ya nyuma, ni inchi 120. Hizo ni yadi tatu na inchi 12, na bado hujahesabu mikono, vikwapa, taharizi wala upindo. Kitambaa kikiwa chembamba, yadi tatu zitatoa kanzu ya mdogo wake. Ndiyo sababu mafundi wetu husingiziwa kwamba wamekula kitambaa!

Tatu, kitambaa cha pamba kirowekwe maji na kukaushwa kabla ya kukatwa. Pamba hurudi ikifuliwa mara ya kwanza, na mrefu hana inchi ya kupoteza.

Nne, na hili ndilo muhimu kuliko yote: mwambie aache upindo wa ndani wa inchi tatu chini, na sijafu ya inchi mbili mikononi. Tulisema mwaka wa kasi ni inchi tatu na nusu. Basi upindo huo ni karibu mwaka mzima wa kukua umeufungia ndani ya kanzu. Akikua, fumua, shusha, piga pasi, umepata kanzu mpya bila kununua. Suruali ya shule fanya vivyo hivyo, ila ishushwe mapema kabla rangi haijapauka, ama mstari wa upindo wa zamani utabaki kuonekana kama alama ya maji kupwa.

Tano, suruali ikiwa pana kiunoni, ipunguzwe kwenye mshono wa nyuma wa katikati, na isizidi kama inchi mbili. Zaidi ya hapo mifuko ya nyuma husogeleana ikakutana.

Sita, kitambaa kiwe na uzito kiasi. Kitambaa chepesi cha kuteleza humganda mtu mwembamba upepo ukivuma, na kikiwa cheupe huonyesha ndani. Na nguo ya kumbana iliyo kama ngozi, mbali na kwamba dini yetu yatutaka tusivae ya kuonyesha umbo, kwake yeye haimsaidii, humfanya miguu izidi kuonekana kama nguzo. Ya kumkaa vizuri si ya kumbana, na si ya kupwaya.

Na wakati? Nendeni sasa hivi, Shaaban haijaisha. Kumi la mwisho la Ramadhan fundi amelala juu ya cherehani, na kanzu huletwa usiku wa takbira, na kama mkono ni mfupi hakuna wa kumlalamikia. Msiogope kwamba atakua kabla ya Idd. Kwa mwezi mmoja haongezeki hata sentimita moja, na upindo upo.

Nguo nyingine isiyo na shida kabisa ni kikoi. Kikoi hakina namba na hakiulizi kiuno cha mtu. Kijana mrefu akivaa kikoi chake na shati refu akaenda msikitini, amesitirika na ni pwani tupu.

KWA DADA ZETU

Dada yangu ameniapiza nisishuke hapa bila kuwataja wao. Msichana mrefu mwembamba ana mtihani mkubwa zaidi, manake katika Swala anatakiwa asitiri mwili wote isipokuwa uso na viganja. Buibui la mkono mfupi, akiinua mikono kwa takbira, linafungua mikono hadi karibu na kiwiko. Abaya nazo huandikwa inchi, mara nyingi kutoka 52 hadi 60, na ile ya 60 imekatwa kwa mwanamke mwenye mwili. Achukue ya urefu wake, ipunguzwe ubavuni. Mikono ikiwa mifupi, fundi aongeze kipande cha rangi ile ile au cha darizi mwishoni, watu watadhani ni mtindo. Dera linalomwishia muundini liongezwe ukanda wa kitambaa chini, au avae gagro refu ndani. Na mikono ya kuvaa kando pamoja na soksi viwe ndani ya mkoba wake wa madrasa siku zote.

Na akina mama, tafadhali. Msimwambie "utaolewa na nani na urefu huo." Neno hilo lina uzito wa mawe. Msichana hujikunja mgongo kwa neno la mama kuliko kwa neno la watu kumi wa njiani.

KUJIPAMBA NA ISRAFU

Kuna atakayesema haya yote ni anasa, Ramadhan ni ya ibada. Mwenyezi Mungu katika Suratul A'raf, aya ya 31, ametuamrisha tujipambe tuendapo mahali pa ibada, na katika aya hiyo hiyo akatukataza israfu. Yote mawili kwa pamoja. Na katika Sahih Muslim imepokewa kwamba kuliposemwa habari ya kiburi, mtu mmoja aliuliza kuhusu anayependa nguo yake iwe nzuri na kiatu chake kiwe kizuri. Mtume (S.A.W.) akabainisha kwamba Allah ni mzuri na apenda uzuri, na kwamba kiburi ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Mwajua nani aliyeipokea Hadithi hiyo? Ni Abdullah bin Mas'ud, yule yule mwenye miundi myembamba.

Basi kiburi hakiko kwenye kanzu iliyomkaa kijana. Kiburi kiko kwa yule aliyemcheka.

Yule kijana wa mtaani kwetu alirudi. Mamake hakuwa na pesa za kanzu mpya. Alifungua sanduku akatoa kanzu ya marehemu babu yake, mzee aliyekuwa mrefu na mnene. Fundi wa jirani akaifumua ubavu mzima, akapunguza taharizi, akaibana kifua, urefu akauacha kama ulivyo. Usiku wa 17 alisoma rakaa nne, na safu ya nyuma ilinyamaza, manake mzee mmoja aliwahamisha wale wavulana akawaweka safu ya pili, karibu na wazee. Kazi ya nguo aliifanya mama na fundi. Kazi ya midomo ilifanywa na mzee yule. Moja bila ya nyingine isingetosha.

Ndiyo maana nataka tutoke hapa na jambo la kufanya. Kila nyumba ina kanzu au buibui ambalo mwenyewe amelikua. Tuzilete madrasa, zimefuliwa, kabla ya tarehe 10 Ramadhan. Sisi vijana tutazipima, tutaandika urefu kwa inchi kwenye kipande cha kitambaa, na kuzitundika kwa mpango wa urefu, si wa umri. Mwenye haja achukue bila kuulizwa maswali. Na wale mafundi wetu waliomo humu, tunawaomba siku moja tu ya kupunguza na kushusha pindo. Sisi tutaleta uzi na futari.

Namuomba Allah (S.W.) atujaalie tuifikie Ramadhan tukiwa na afya, atukubalie saumu na Swala zetu, azihifadhi ndimi zetu, na atusitiri duniani na akhera. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam aleykum warahmatullahi wabarakatuh.